Nyota za Fundi

Kila asubuhi mambo yalikwenda hivi. Mama aliketi ukingoni mwa kitanda cha nyumba ya wageni, jicho la kulia likiwa chini ya bandeji, la kushoto likiiona dunia kama mtu anayechungulia kupitia kioo cha bafuni. Mumewe alimletea kikombe cha chai, akavipanga vidole vyake kwenye mkono wa kikombe kama anamfundisha mwanafunzi kushika patasi. Kisha yeye mwenyewe alikaa kwenye kiti cha pekee kilichokuwamo chumbani, akavaa miwani, akaitoa simu kwenye mfuko wa shati, akaibonyeza kwa kidole kimoja kigumu kama msumari.

"Anakuja," angesema. "Yule yule."

Na kabla Mama hajafika nusu ya chai, honi mbili fupi zingelia chini ya dirisha, na sauti ingepanda juu: "Mama, shikamoo! Mshike mzee mkono, ngazi zimepigwa deki!"

Asubuhi hiyo Mama aliimaliza chai yote. Akakitikisa kikombe, akasikia ni kitupu kweli.

"Baba watoto, vipi?"

"Imeleta mwingine."

"Mwingine nani?"

"Nitajuaje? Ana masharubu."

Katika mji ule wa kigeni walikuwa wanajua neno moja tu la lugha ya wenyeji, nalo ni "asante", na hata hilo mumewe alilitumia kwa kubania. Mabango ya barabarani yaliandikwa kwa herufi ambazo, kwa macho ya fundi seremala, zilifanana na maranda yaliyomwagika sakafuni. Kila kitu walichokuwa nacho pale, daktari wa macho, chumba, hata hiyo teksi ya kwenye simu, kilipangwa na binti yao akiwa nyumbani, akifundisha mchana na kupiga simu jioni. Alimkalisha baba yake wiki nzima kabla ya safari, akamwonyesha pa kubonyeza. Fundi, kama alivyoitwa na watu wote pamoja na mkewe alipomkasirikia, alijifunza kimya kimya na hakuuliza swali hata moja mara mbili.

Siku ya kwanza kabisa waliingia kwenye gari wakibishana kwenye kiti cha nyuma. Mkanda ulikuwa umemshinda Fundi, Mama akimwambia avute, Fundi akisema anavuta, Mama akisema havuti. Ndipo dereva, bila kugeuka, aliposema kwa Kiswahili safi chenye lafudhi ya kwingine: "Mama, mwambie mzee akae kwanza pembeni. Ameukalia." Mama alilia kwa kicheko. Yule mtu alikuwa ametoka mbali kutafuta maisha, ana mke na watoto wawili hapo mjini, na alikuwa na miezi michache tu tangu aanze kuendesha gari la mtu kwa kampuni ile ya teksi. Aliishi mtaa wa pili. Kila asubuhi alijisogeza karibu na nyumba ya wageni ili simu ya Fundi imkute yeye wa kwanza. Wakafika mahali pa kumwita Dereva kama vile duniani hakuna dereva mwingine.

Sasa alikuja mwenye masharubu.

---

Mwenye masharubu hakusema kitu njia nzima. Alisimama mbele ya geti la chuma, akanyoosha kidole kwenye simu yake kuonyesha kuwa safari imekwisha, akangoja washuke. Fundi alitazama huku na huku. Lilikuwa geti la mizigo. Mitungi ya gesi ilikuwa ikishushwa upande mmoja, na mikokoteni ya mashuka machafu ikitoka upande mwingine.

"Si hapa," Fundi alisema kwa Kiswahili, halafu kwa mikono. "Macho. Daktari wa macho. Mbele."

Gari lilikuwa limeshageuza.

Mlinzi aliwazuia kwa kiganja, wakabanwa ukutani kama watu waliokuja kuomba, mpaka mashuka yapite. Shuka moja lenye unyevu lilimgusa Mama begani. Akajikunja. Fundi alimshika kiwiko, akamnyoosha.

"Simama wima," alimwambia. "Tembea kama umeshuka hapa kwa kupenda."

Wakauzunguka ukuta wote wa hospitali, yeye akimtajia vikwazo kwa sauti: ngazi, mfereji, ngazi tena. Walipofika muuguzi alionyesha saa yake ya mkononi na kuwapeleka mwisho wa benchi. Hapo ndipo Mama, akiwa amekaa na vumbi miguuni, alipokumbuka jana jioni.

Binti yao alikuwa amepiga simu kama kawaida. Aliuliza dawa, akauliza chakula, halafu akasema, "Baba, kila mkishuka hiyo simu inakuuliza dereva alikuwaje. Wewe unaifunga tu. Mpe nyota mwenzio. Kule ndiyo asante yao."

"Asante hupewa mtu kwa mdomo."

"Na umempa kwa mdomo?"

Fundi alikohoa. Kwa sifa alikuwa na mkono wa birika, na ukoo mzima ulilijua hilo.

"Nakujua, Baba. Usimbanie yule kaka wa watu. Rudi nyuma kwenye safari zote, zinaonekana. Nyota ni kuanzia moja mpaka tano, wewe angalia tu kazi yake ilivyokuwa."

"Kazi hunifundishi kupima, binti yangu. Hiyo niachie."

Alikaa chini ya taa na miwani yake, akibonyeza kwa uangalifu, safari ya kwanza, ya pili, zote. Alipomaliza aliilaza simu mezani taratibu. "Nimempa anachostahili," alisema, na Mama, aliyemjua mtu wake, alisikia ndani ya sauti ile furaha ambayo ni nadra kuisikia. Alilala akikoroma kama amemaliza kabati la harusi.

---

Jioni, jua likiwa bado kwenye madirisha ya jengo la mbele, mlango uligongwa.

"Hodi."

"Dereva!" Mama aliruka karibu amwage dawa ya macho. "Karibu, baba! Leo umetutupa wenyewe. Ulikuwa unaumwa?"

Dereva aliingia, akasalimu, lakini shikamoo yake ilikuwa fupi. Alikataa kiti. Mama hakuuona uso wake, ila aliisikia kofia ikizungushwa mikononi.

"Siumwi, Mama. Sina gari."

"Limeharibika?"

"Limefungwa. Akaunti yangu kampuni wameifunga tangu alfajiri. Na mwenye gari ameshanipigia, anasema nisipoendesha mpaka wiki iishe atalichukua ampe mtu mwingine, wapo wengi wanaolingoja. Sikuja kugomba. Mzee, nyinyi ni kama wazazi wangu. Nimekuja kuuliza tu. Niliwakosea nini?"

"Kutukosea?" Fundi aliinuka. "Nani kasema umetukosea?"

"Nimepewa nyota moja, mzee. Mara nne, usiku mmoja. Abiria niliowachukua mara nne ni nyinyi tu."

"Ndiyo!" sauti ya Fundi ilijaa chumba kizima. "Ni mimi! Nimekupa moja. Zote moja, sikukupa hata mbili. Na ningerudia."

Kofia iliacha kuzunguka.

"Ungerudia," Dereva alisema polepole.

"Leo hii. Nimefanya kazi na watu wengi, kijana wangu, waliopata moja mikononi mwangu nawahesabu kwa vidole."

"Haya, mzee." Sauti ilikuwa imepasuka katikati. "Nashukuru kwa kuniambia usoni. Mama, upone salama."

"Wewe simama hapo!" Mama alipiga kelele, akitafuta ukuta kwa mkono. Kitu kilikuwa kimemwingia kichwani kama mtu aliyewasha taa. "Usitoke. Baba watoto, na wewe kaa chini. Hebu nijibu. Fremu ya dirisha ikitoka nzuri kabisa, haina kasoro, unaiandika nini kwa nyuma?"

"Mstari mmoja. Swali gani hilo?"

"Na ya kurudishwa?"

"Miwili. Mitatu ikizidi."

"Na mitano?"

"Mitano ni kuni," Fundi alisema. "Mitano hata haiuzwi, tunapikia gundi."

Chini barabarani gari lilipiga honi mara mbili, si lake.

"Dereva, mwanangu," Mama alisema, "mwambie mzee, huko kwenu kwenye simu, tano ni nini."

Dereva alianza kucheka kabla ya kujibu, kicheko cha mtu ambaye hajui kama anatakiwa kulia. "Tano ndiyo ya juu, mzee. Moja ni… moja ndiyo kuni."

Fundi alikaa. Mama aliisikia miwani ikivuliwa, ikafutwa, ikavaliwa, ikavuliwa tena. Aliichukua simu akasema atabonyeza upya, mambo yaishe. Alibonyeza mpaka ukucha ukalia kwenye kioo. Nyota zilizokwisha kutolewa hazikubadilika. Akasema binti yake atawapigia. Dereva akasema kwa adabu kwamba kampuni ina ofisi, na ofisini wanamtaka abiria mwenyewe, kwa miguu yake na kwa mdomo wake.

"Nitakupa basi cha kukusukuma wiki hii," Fundi alisema, akiingiza mkono mfukoni.

"Hapana, mzee. Mimi nataka gari tu."

Mkono ulitoka mtupu. "Nitafikiri," Fundi alisema, na Dereva akaaga, akisema asubuhi atawangoja kwenye geti la hospitali.

Mama alingoja mpaka hatua ziishe kwenye ngazi.

"Unafikiri nini?"

"Wewe hujui."

"Niambie nijue."

"Nikasimame mbele ya watoto wa ofisini, niseme mimi, fundi, mtu mzima na mvi zangu, sijui kati ya moja na tano ipi ni nzuri? Kwenye mji ambao wananisukuma ukutani nipishe mashuka?"

"Ndiyo."

"Unasema ndiyo kama unaniagiza chumvi!"

"Asubuhi nilikuwa na jicho moja bovu na jingine limefungwa," Mama alisema, "nimegusana na uchafu wa hospitali, nataka ardhi inimeze. Ukaniambia nitembee kama nimeshuka pale kwa kupenda. Nikatembea. Sasa na wewe kesho utatembea hivyo hivyo."

Baadaye Mama alimsikia akipiga pasi shati, na pasi ile ilipita kwenye kola mara nyingi kuliko kola inavyohitaji.

---

Asubuhi iliyofuata daktari alifungua bandeji. Mwanga uliingia kwanza kama maji, halafu vitu vikaanza kujitenga kimoja kimoja: taa, mkono wa daktari, kalenda, na mwisho mtu mrefu aliyesimama mlangoni na kalamu ya risasi sikioni. Alisafiri nayo mpaka huko. Hata kwenye ndege aliambiwa aitoe akakataa.

"Unaona?" aliuliza, kwa ukali wa mtu anayeogopa jibu.

"Naona. Baba watoto, masikio yako yalikuwa makubwa hivi siku zote?"

Fundi aligeukia dirishani kwa muda. Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu. "Twende ofisini," alisema.

Dereva alikuwa akiwangoja getini kwa miguu, shati jeupe, viatu vimeng'arishwa. Fundi aliita gari kwenye simu. Wakaingia watatu, na Mama, kwa jicho lake jipya, alimwona Dereva aliyekaa mbele kama abiria akikanyaga breki isiyokuwepo kila penye kona. Waliposhuka simu ililia, ikaonyesha nyota tano tupu zikingoja. Fundi aliishika kwa ncha za vidole kama kaa la moto.

"Hii nayo niifanye nini?"

"Kaendesha vizuri?" Dereva aliuliza.

"Wastani."

"Basi tano, mzee. Huku hata wastani ni tano."

"Huo nao ni upimaji!" Fundi alinung'unika, lakini alibonyeza.

Ofisi ilikuwa na viti vya plastiki, watu wengi, na dirisha la kioo lenye tundu la kusemea. Karani wake alikuwa msichana mwenye kucha ndefu za buluu. Dereva alipoanza kueleza alimkatiza kwa kidole. Dereva akageuka, ameishiwa maneno.

"Anasema mimi siwezi kumtafsiria mzee. Mimi ndiye mwenye kesi. Atajuaje kama simwekei maneno mdomoni?"

Watu wa nyuma walianza kuguna. Fundi aliitoa simu, akapiga, akaiweka spika, akaiegemeza kwenye kioo.

"Baba? Niko darasani! Mama vipi, jicho?"

"Mama yako anaona. Ananitukania masikio. Toka nje kidogo, nina kazi na lugha yako. Utasema kwa huyu dada ninachosema mimi, usipunguze na usiongeze."

Binti alitoka nje ya darasa; walisikia mlango, halafu upepo. Lugha ya mji ule alikuwa ameisomea chuoni, na karani aliposikia akiamkuliwa vizuri alilegea mabega. Akasoma kwenye skrini yake, na binti akatafsiri kwa sauti iliyoanza kuwa na wasiwasi.

"Baba, anasema ulitoa malalamiko manne juu ya dereva mmoja. Anataka kujua yalikuwa nini. Gari lilikuwa chafu?"

"Hapana."

"Aliwatukana?"

"Hapana."

"Aliendesha kwa hatari? Aliwazungusha?"

"Hapana, hapana."

"Anauliza, basi kosa ni la nani?"

Mama alimtazama mumewe. Aliuona mshipa wa shingo ukicheza, kola ile iliyopigwa pasi kama ubao, na watu wa nyuma wanaovuta shingo. Kwa muda alidhani atageuka aondoke. Fundi akajinyoosha, akawa mrefu kuliko dirisha.

"Langu," alisema. "Mwambie ni langu mimi. Nilidhani moja ni kubwa."

Binti akasema taratibu, "Oh, Baba. Mistari."

"Tafsiri."

Alitafsiri. Mtu mmoja nyuma alicheka puani. Fundi hakugeuka. Alitoa kalamu sikioni, akachukua kikaratasi cha foleni, akachora juu yake mstari mmoja ulionyooka, bila rula, na kukipitisha chini ya kioo.

"Mwambie hivi. Mimi natengeneza vitu vya mbao. Kitu kikitoka mkononi mwa mtu nakigeuza, nakipapasa, natafuta kosa. Nisipoliona, nachora huu. Nikishauchora, hakuna wa kukirudisha, awe tajiri, awe mkubwa wa serikali. Huyu bwana alimshusha mke wangu garini kila siku kama anashusha kioo. Alikuwa anapunguza mwendo kabla ya shimo, si baada. Nimetafuta kosa, sikuona. Ndiyo maana nikampa moja. Kwa hesabu yenu, aandike tano. Kwa yangu, inabaki moja."

Binti alisema yote, na mara mbili ilibidi asimame avute pumzi. Karani alisikiliza akikitazama kikaratasi. Hakusema neno la pongezi. Aliuliza namba ya gari, akaandika, akaita mtu wa ndani, akaandika tena. Kisha mfuko wa Dereva ukalia. Akaitoa simu yake, akaitazama, akaigeuza kumwonyesha Mama kuwa akaunti imefunguliwa.

"Gari limewaka," alisema. "Mama, limewaka."

"Baba," binti aliita kutoka kwenye simu, akivuta makamasi na kujifanya anakohoa. "Mmemaliza? Nirudi darasani? Watoto wanapiga kelele."

"Subiri."

Karani alinyoosha kucha kuashiria wapishe foleni. Fundi hakusogea.

"Ile stuli yako," alisema.

"Stuli ipi?" binti aliuliza haraka mno, na Mama akajua kuwa anaijua. Alikuwa darasa la tano alipoitengeneza mwenyewe na kuipeleka kwa baba yake, imepigwa msasa mpaka vidole vimechubuka. Ilikuwa bado ipo jikoni kwake, na mistari miwili chini ya kiti.

"Niliipa miwili."

"Nakumbuka. Mguu mmoja ulikuwa unacheza."

"Ulikuwa unacheza, na hata leo ningeipa miwili. Lakini siku ile nilipima stuli." Aliinama mpaka mdomo ukakaribia simu, halafu, kama mtu aliyeona kuwa hicho si kitu cha kunong'ona, akainuka tena. "Wewe sikukupima kwa sauti hata siku moja. Nilifikiri unajua. Kumbe mtu anaweza kuandika jambo moja, mwenzake akasoma jingine kabisa."

Upepo ulivuma kwenye simu. Karani aliuliza kitu kwa lugha yake. Dereva alitaka kumtafsiria, Mama akamshika mkono.

"Baba," binti alisema, "dada anauliza unasemaje."

"Hili si lake, ni lako. Daktari ni wewe uliyemtafuta, chumba wewe, gari la kila asubuhi wewe, na jicho la mama yako hili hapa, linaona. Nimeligeuza, nimelipapasa. Sioni kosa." Foleni nzima ilikuwa ikimtazama, watu wasiojua hata neno la Kiswahili. "Wewe ni moja, mwanangu. Moja ya kwangu, siyo ya kwao. Nasema kwa sauti ili usije ukasoma vibaya: ninajivunia kuwa baba yako."